Mtaro wa Bibi Tabita

Kila asubuhi, jogoo wa jirani akiwa bado anasafisha koo, Roda aliamka, akamfunika vizuri mdogo wake Jonasi, akachukua debe na jembe dogo, akashika njia ya chemchemini. Kazi yake ilikuwa ile ile. Alitoa majani yaliyoangukia majini, akazoa tope pembeni, akaangalia kama kata inaning'inia mahali pake, kisha akasubiri mpaka wachotaji wa kwanza wafike. Hakuna aliyeruhusiwa kutumbukiza chombo chake kwenye maji yale. Kila mtu alichota kwa kata moja tu, kibuyu cheusi chenye mpini mrefu, akamimina kwenye debe lake, akairudisha kata mtini.

"Shikamoo, Bibi Tope!" wasichana wa darasa la tano walimpigia kelele walipomkuta ameinama, sketi imefungwa kiunoni, miguu imejaa matope mpaka magotini.

"Mwacheni, anatunza ufalme wake," alidakia mwingine. Wakacheka, wakachota, wakaenda zao. Roda aliendelea kuzoa tope. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika umri huo kuchekwa kunauma kuliko njaa.

Kazi hiyo hakuiomba. Aliirithi kwa bibi yake, Bibi Tabita, mama yake baba. Kabla ya Operesheni Vijiji, mteremko ule wa Ishilanga katika milima ya Mbozi ulikuwa na nyumba chache za ukoo wao, mashamba ya ulezi na mibuni iliyopandwa na babu. Kisha likaja lori, na nyuma yake lori jingine, yakashusha watu, vyungu, kuku na milango iliyong'olewa kwenye nyumba za zamani. Wengine walihamishwa. Bibi Tabita alihamiwa.

Hakunung'unika hata kidogo. Wageni walipomuuliza kama wanaruhusiwa kuchota kwenye chemchemi ya ukoo wake, aliwajibu, "Maji hayana mwenyewe, wanangu. Yana mtumishi tu. Mtumishi wake ni mimi, basi mnisikilize."

Jambo moja tu ndilo lililomgombanisha na wakubwa. Zizi la ng'ombe wa kijiji lilijengwa juu ya chemchemi, kwenye mteremko huo huo. Bibi alikwenda ofisini na fimbo yake, akamwambia mwenyekiti, "Ndugu mwenyekiti, ng'ombe hasomi ramani. Atakunya pale mlipomweka, na mvua itatuletea sisi mezani." Akaambiwa kwamba ramani imechorwa, imekubaliwa, na haibadilishwi kwa maneno ya mtu mmoja. Haya. Bibi akarudi nyumbani, akachukua jembe, akaanza kuchimba mtaro kukata mteremko, katikati ya zizi na chemchemi, ili maji ya mvua yapite pembeni yaende korongoni. Alichimba kiangazi kizima, mwanamke mzee mwenye mgongo uliopinda, na Roda ndiye aliyekuwa akimpelekea uji.

"Mvua ya kwanza ndiyo mbaya," Bibi alimwambia akiwa ameegemea mpini wa jembe. "Inafagia uchafu wa miezi yote. Mtaro huu uwe wazi kabla ya mvua ya kwanza, si baada yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Kusikia na kushika ni ndugu wasiofanana," Bibi akasema, akaangua kicheko, akainama tena.

Miaka michache baadaye, mwezi wa Agosti, baridi ilimwingia kifuani. Alikohoa wiki tatu, akafariki mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe Zebedayo, baba yake Roda. Siku ya kumaliza matanga, shangazi mkubwa aligawa vitu vyake mbele ya ukoo wote. Binamu yake Roda akapewa mbuzi. Mwingine akapewa blanketi jipya ambalo Bibi hakuwahi kulitandika. Kisha shangazi akajaza kata maji, akamwita Roda.

Katika ukoo wao chemchemi haikurithiwa na mwana wala mkwe. Ilitoka kwa bibi ikaenda kwa mjukuu wa kike, ili mtumishi wa maji awe na miguu mipya. Roda alikunywa funda moja, kisha akawanywesha wote waliokuwapo kwa mkono wake, mmoja mmoja, kuanzia wazee. Watu walimpigia makofi ya heshima. Yeye moyoni alikuwa anamwonea wivu aliyepata mbuzi. Kata na jembe! Urithi gani huo?

Novemba ilipokaribia mwisho, shule nzima ilikuwa na jambo moja tu kichwani, sherehe za Uhuru za tarehe tisa Desemba. Wakubwa wa wilaya walitarajiwa kuja Ishilanga, na Mwalimu Jenista alikuwa anatunga ngonjera. Aliwachagua Roda na rafiki yake Pili waongoze. Loo, furaha ya Roda! Wale wale waliomwita Bibi Tope sasa walikaa kwenye majani kumsikiliza akighani:

"Maji safi ni uhai, ndugu zangu sikieni,
Mchafua chemchemi, ni adui kijijini!"

Pili alikuwa mgeni kijijini. Mama yake, Mwanaisha, ambaye watu walimwita Mama Pili, alikuwa amehamia kutoka Tunduma, kwa kuwa mumewe Ishaka, dereva wa lori, aliona kodi ya chumba mjini inamshinda. Ishaka mwenyewe alikuwa safarini Zambia muda mwingi. Mama Pili alipika chai na maandazi kando ya ghala la kijiji. Alisema Kiswahili cha haraka, alijifunga khanga mbili, na hakujua Kinyiha, lugha ya pale, hata salamu. Watu walikunywa chai yake, wakamsifu, lakini kumzoea walikuwa bado hawajamzoea.

Jioni moja Zebedayo alirudi kutoka shamba la kijiji akiangalia mawingu. "Roda, mtaro umezibuliwa?"

"Ndiyo, baba."

"Wote?"

"Wote, baba. Mpaka korongoni."

Haikuwa kweli. Roda alikuwa amezibua kipande cha chini tu, kile kinachoonekana na mtu apitaye njiani. Alikizibua vizuri kweli kweli, akasawazisha kingo kwa kisigino cha jembe. Sehemu ya juu, nyuma ya vichaka, ilikuwa imekanyagwa na ng'ombe mpaka ikabomoka, na ilijaa udongo na majani. Alipoiona alichoka kabla ya kuanza. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na mazoezi yalikuwa yanamsubiri. "Nitamalizia Jumamosi," alijiambia. Jumamosi ikaja na mazoezi ya kuvaa sare. Kesho yake ilikuwa siku ya kanisani. Zebedayo alipopita njiani alitupa jicho, akaona mtaro safi, akaridhika. Alimwamini binti yake. Angemshuku kwa lipi?

Mvua ilinyesha Jumatano mchana, wakiwa mazoezini. Ilianza kwa matone makubwa yaliyonukisha vumbi, mara ikamwagika yote. Roda na Pili walikimbilia barazani wakicheka, nywele zimelowa, huku wakighani kwa sauti kushindana na kishindo cha mabati. Katikati ya kicheko, Roda alikumbuka. Akaacha kughani. "Una nini?" Pili aliuliza.

"Sina kitu," akasema Roda.

Kesho yake maji ya chemchemi yalikuwa na rangi ya chai. Akina mama waliguna kidogo, wakachota. Siku iliyofuata yakatakata tena, unaona mpaka mchanga wa chini. Roda alishusha pumzi. Mungu amenisaidia, alifikiri. Hayo ndiyo makosa ya wengi: tukiona maji yanang'aa, tunadhani ni safi.

Sherehe zilifana. Mgeni rasmi alipiga makofi akiwa amesimama. Mama yake Roda, Elina, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini jioni ya siku hiyo hiyo watoto watatu wa nyumba za juu walianza kuhara. Asubuhi walikuwa zaidi ya kumi. Bwana Shaban, mganga wa zahanati ya kata, alikuja na baiskeli yake, akazunguka nyumba kwa nyumba, uso umemkunjamana. Dawa alizokuwa nazo zilikwisha mchana.

Jonasi alishikwa siku ya pili. Alikuwa na miaka mitatu, mtoto wa mdomo, anayeuliza maswali mpaka uombe amani. Sasa alilala kimya mgongoni mwa mama yake, macho yamezama. Roda alimwangalia akaogopa. Akatoka mbio mpaka juu ya mteremko, nyuma ya vichaka, akaona alichojua atakiona. Mtaro ulikuwa umefukiwa kabisa. Njia mpya ya maji ilikuwa imejichimba kutoka zizini, imeburuta samadi nyeusi, imeshuka moja kwa moja mpaka chemchemini.

Alianza kuchimba kwa mikono. Alichimba huku analia, na kila alipotoa tope, jingine liliteleza mahali pake. Mwishowe aliketi chini. Angesema nini? Angemwambia nani? Alinawa, akarudi nyumbani, akanyamaza. Na wakati amenyamaza, watu walichota yale yale, wakawanywesha wagonjwa wao.

Siku iliyofuata Lusubilo alifariki. Alikuwa mtoto wa pekee wa Raphaeli, balozi wa nyumba kumi, na mkewe Ketrina. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Walimzika mchana, kaburi dogo, na Ketrina hakulia kwa sauti. Alikaa tu, mikono imelala mapajani, kama mtu aliyesahau ni ya nini. Roda alisimama nyuma ya watu. Alitamani ardhi impasukie.

Kesho yake kengele ya reli iliyoning'inizwa ghalani iligongwa kuita mkutano. Watu walikuja na nyuso nzito. Mwenyekiti hakumaliza hata kufungua, Raphaeli akasimama. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Ndugu zangu, jana nimemzika mwanangu. Nawauliza, nyumba gani hapa haina mgonjwa? Semeni! Iko moja tu. Nyumba ya yule pale." Akamnyooshea Mama Pili kidole. "Watoto wake wanne, wote wanaruka. Chemchemi hii tumeinywa toka siku ya kwanza, hakuna aliyeumwa. Mtunzaji wake amekufa, amekuja mgeni, watoto wetu wanakufa. Mnataka niambiwe nini zaidi?"

"Mimi nilimwona akitumbukiza sufuria yake kwenye maji!" akadakia mwanamke mmoja.

Zogo likazuka. Mtu alipiga teke jiko la Mama Pili, makaa yakatawanyika. Mama Pili alisimama amewakumbatia watoto wake, khanga imeanguka begani.

"Jamani, siku ya kwanza kufika sikujua mwiko wenu!" alisema. "Mtoto Roda mwenyewe alinielekeza kwa adabu, wala sijarudia. Yule pale, muulizeni. Roda, mwanangu, waambie."

Watu wote waligeuka. Roda alitazama miguu yake. Pili alikuwa anamtazama, macho makubwa, anamsubiri. Kabla Roda hajafumbua kinywa, Raphaeli akapaza sauti:

"Wa nini kuulizwa? Watoto wetu wametufundisha juzi juzi hapa hapa! Mchafua chemchemi ni adui kijijini. Adui hakai nasi. Afungashe, aondoke leo leo!"

"Aondoke!" watu wakaitikia.

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale aliyoyaghani na kupigiwa makofi, na sasa yalikuwa yanamfukuza rafiki yake. Roda aliona wazi kwamba akinyamaza sasa, Mama Pili ataondoka, watu watarudi kwao wameridhika, na watanywa maji yale yale. Na Jonasi pia atayanywa.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Ni mimi!"

Baba yake, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuka polepole.

"Sikuzibua mtaro wa Bibi," Roda alisema. "Nilizibua kipande cha chini tu ili baba akione. Nikamdanganya. Mvua ilipokuja ilileta samadi ya zizini, yote, mpaka majini. Nimeona kwa macho yangu. Nilijua tangu juzi. Niliogopa kusema." Alimtazama Ketrina, aliyekuwa ameketi chini na wanawake.

Bwana Shaban, aliyekuwa amefika katikati ya zogo, alilaza baiskeli yake chini. "Twende tukaone," alisema tu.

Walipanda mteremko, kijiji kizima. Waliona mtaro uliozibika, waliona njia nyeusi ya samadi, waliona inapoishia. Mganga alimgeukia Mama Pili.

"Mama, watoto wako wanakunywa nini?"

"Chai," alijibu Mama Pili kwa sauti ya chini. "Na maji ya kuchemsha, yakishapoa. Birika langu halitoki motoni toka alfajiri. Mama yangu alinilea hivyo."

"Mmesikia?" Bwana Shaban akawageukia watu, na sasa alikuwa na hasira. "Mlitaka kumfukuza kwa sababu watoto wake wazima. Mngemuuliza kwa nini ni wazima, tungejua mapema! Kuanzia saa hii, hakuna kunywa tone ambalo halijachemka. Na hawa wagonjwa wanakufa kwa kukaukiwa maji mwilini. Wapewe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari, mara kwa mara, hata wakitapika. Sukari ipo?"

Watu walitazamana. Duka la ushirika lilikuwa halijaona sukari tangu kiangazi. Mama Pili alishuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wanampisha kwa aibu, akaingia kwake, akatoka na kopo lake la sukari, lile la biashara. Akaliweka mikononi mwa mganga.

"Mimi sina ugomvi na watoto," alisema. "Wapeni."

Jonasi alinyweshwa kwa kijiko usiku na mchana. Elina alishika kijiko, Roda akashika kikombe. Jioni ya siku ya pili mtoto alifumbua macho, akauliza kwa nini maji yana chumvi, nani ameitia, na kwa nini. Elina akaangua kilio. Alikwenda mpaka kwa Mama Pili, akapiga magoti mlangoni, na Mama Pili akamwinua akisema, "Inuka, dada yangu, inuka, mimi pia ni mzazi."

Zebedayo alikuwa hajamsemesha binti yake tangu mkutano ule. Sasa alimwita uani. Roda alikuja amejiandaa kwa kiboko.

"Ningekuchapa," baba alisema, "ungelia, mimi ningepumua, tungeona yamekwisha. Hili halijaisha. Vaa, twende kwa Raphaeli."

Walikwenda. Zebedayo alivua kofia, akasema alichokuja kusema, kisha akamsogeza Roda mbele. Roda aliomba radhi. Alisema yote bila kujitetea, kwa sababu hakuwa na utetezi. Raphaeli alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Ketrina alibaki amekaa kizingitini, akitazama mbali. Waliondoka, na njiani baba alimshika binti yake mkono, akauminya, akauachia.

Jumatatu yake kijiji hakikwenda shambani. Zizi lilibomolewa, likahamishiwa chini bondeni, mbali na maji. Mwenyekiti mwenyewe alibeba nguzo, na alipofika kwenye mteremko alisema mbele ya wote, "Mama Tabita alikuja ofisini kutuonya, tukamwonyesha ramani. Kosa hili si la mtoto peke yake. Liandikwe kuwa letu pia." Mtaro ulichimbwa upya, mpana zaidi, ukajengewa mawe kwenye kingo. Raphaeli alikuja na jembe lake. Alichimba upande wa mbali na alipokuwa Roda, hakuinua macho, na jua lilipozama akaondoka bila kuaga mtu.

Watoto shuleni hawakumwita tena Bibi Tope. Heri wangemwita. Wengi hawakumwita kabisa, na wengine walinong'ona alipopita. Pili alikaa siku kadhaa bila kumsemesha, kisha asubuhi moja alikuja chemchemini na jembe la mama yake, akasimama kando yake. "Ulinisubirisha," alisema. "Pale mkutanoni, nilikutazama ukanyamaza."

"Ninajua."

"Usirudie," akasema Pili, akaanza kuzoa majani.

Mvua ziliendelea. Mwezi wa Februari, asubuhi yenye ukungu, Ketrina alikuja kuchota maji peke yake. Tangu msiba alikuwa akimtuma mdogo wake. Roda alipomwona aliacha jembe, akapiga magoti kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ketrina alilijaza debe lake taratibu, akaketi juu ya jiwe.

"Siku ile ulipokuja nyumbani nilikusikia, Roda. Samahani yako nimeipokea. Haimrudishi mwanangu, wala sitakudanganya kwamba haiumi nikikuona. Ungeendelea kunyamaza, Mama Pili angefukuzwa, na watoto wengine wangemfuata wangu. Ninajua hilo. Ungesema siku ulipoona, pengine Lusubilo wangu angekuwa hai. Hilo nalo ninalijua. Mambo yote mawili ni ya kweli, nawe utaishi nayo yote mawili. Usijaribu kutupa moja ubaki na jingine."

Roda alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamdondoka, hakuyafuta.

"Nakwambia jambo, ulikamate," Ketrina akaendelea. "Miaka yote bibi yako alipokuwa anazoa tope hapa, sisi tulipita tukamwamkia tu, basi. Hatukumshukuru, kwa sababu hakuna aliyeumwa. Kazi ya namna hiyo haionekani, mwanangu. Inaonekana siku ikiachwa, na siku hiyo inaonekana makaburini. Ndiyo maana haifanywi kwa ajili ya macho ya watu. Wewe ulizibua pale panapoonekana. Bibi yako aliuanzia mtaro kule kusikoonekana na mtu. Ukitaka kujua alikuachia nini, ni hicho."

Alijitwika debe, Roda akamsaidia kuliweka sawa kichwani. Ngurumo ilisikika mbali, upande wa Msangano.

"Mvua inakuja," Ketrina alisema. "Nenda kaangalie kule juu."

Roda alichukua jembe, akapanda mteremko mpaka nyuma ya vichaka, akaanza kuzoa.